Moto wa Pajulu Katika Nyumba ya Ugenini

Katika kurasa za nyumbani husemwa mengi juu ya vyakula, lakini moto unaovipika hutajwa kwa nadra. Sababu yake ni dhahiri. Kwetu moto ni kitu kilichopo, kama maji ya mto Enyau. Mtoto wa Pajulu huyazoea mafiga matatu kabla hajajua kusoma, na hapana mtu anayemweleza kwa maneno kwamba kuni ikivutwa nyuma joto hupungua, au kwamba majivu ya jana yaweza kuhifadhi kaa la leo. Huona, hushika, hujua. Kisha siku moja baba wa nyumba hupata barua ya kwenda ng'ambo kwa masomo ya kazi, au mama huipata, maana siku hizi askari wa kike nao hutumwa, na jamaa nzima huanza kufunga mizigo. Hufungwa blanketi, unga, simsim, na samaki mkavu aina ya angara aliyezungushiwa nailoni mara tatu ili asiwaaibishe wasafiri. Moto haufungiki.

Mimi nilifunga mizigo ya namna hiyo mwaka 2017. Mume wangu, ambaye ni ofisa wa polisi, alikuwa amepata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja katika mji wa Leicester, katikati ya Uingereza, nami nikamfuata pamoja na watoto wetu wawili. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na chumba cha kupikia ambacho watu wawili hawakuweza kupishana ndani yake bila kuombana radhi. Humo mlikuwa na jiko la umeme lenye uso wa kioo cheusi, tanuri chini yake, birika la umeme, friji, na darini king'ora kidogo cheupe cha kunusa moshi. Vyote vilikuwa safi, vyote vikifanya kazi. Hata hivyo chakula cha nyumbani hakikutoka kwa kuwasha swichi tu.

Jambo nililolitambua huko, na ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni hili: vyombo vya ugenini havikosi nguvu. Kinachomtatiza mpishi ni kwamba mafiga matatu hufanya kazi nyingi kwa pamoja, ilhali katika nyumba ya umeme kila kazi imepewa chombo chake, na kazi nyingine hazikupewa chombo chochote. Mafiga huchemsha. Lakini pia huishika sufuria isizunguke mama anaposonga. Makaa yake huyaivisha maharagwe usiku watu wakiwa wamelala. Moshi wake humkausha samaki juu ya uchaga. Majivu yake hutupa maji ya kulainishia mboga. Joto lake huuchachusha unga uliolowekwa kando yake. Basi mama anapofika mbele ya kile kioo cheusi hana budi kujiuliza, kwa kila chakula, ni ipi kati ya kazi hizo iliyokuwa ikitendeka kule nyumbani, na nani ataifanya hapa.

Nianze na lile jiko lenyewe. Chini ya kioo mna waya unaopata moto hadi ukawa mwekundu, na joto lake hupenya kioo na kuingia katika sufuria. Mgeni hushangaa kuona wekundu ule ukizimika baada ya muda mfupi, ukawaka tena, ukazimika tena, akadhani jiko ni bovu. Si bovu. Ndani yake mna kidhibiti joto kinachokata na kurudisha umeme, na ukikipunguza kwa kitasa, husubiri kwa kitambo kirefu zaidi kabla ya kuwasha. Ni sawa na mtu anayevuta kuni na kuzisukuma, isipokuwa mtu huyu haangalii sufuria. Kwa hiyo uangalie wewe. Jiko hilo tena halipoi upesi. Ukizima dakika tano kabla chakula hakijaiva, joto lililobaki litamaliza kazi bila malipo. Katika majiko ya zamani yenye sahani nzito za chuma, ambayo bado yapo katika nyumba nyingi za kupanga, joto hilo hudumu zaidi.

Kioo hutaka sufuria yenye chini bapa kabisa. Chungu na sufuria ya tumbo la duara, ambazo hukaa vizuri katikati ya mafiga na kulambwa na moto pande zote, juu ya kioo hugusa mahali padogo kama sarafu. Maji hayachemki, na umeme unakwenda. Na jihadhari na mwiko mzito au mchi kuanguka juu yake, kwa maana kioo hicho hustahimili joto kuliko kinavyostahimili pigo.

Sasa tuje kwenye enyasa, kwani bila hiyo Mlugbara amekula vitafunio tu. Nyumbani huchanganya unga wa muhogo na wa wimbi au mtama, muhogo ukiipa mnato na nafaka ikiipa rangi na ladha. Leicester nilidhani nitautafuta unga huo kwa miezi. Haukunichukua zaidi ya asubuhi moja. Katika Belgrave Road yamejaa maduka ya Wahindi, na wengi wa wenye maduka hao ni watoto au wajukuu wa wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ambao wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya mji huo ilitangaza mwaka ule ule, katika gazeti la Uganda Argus, ikiwasihi wasije kwake. Wakaja, na leo ndio waliouchangamsha mji. Nilisimama mbele ya mifuko iliyoandikwa kwa Kigujarati nikawa nachungulia rangi ya unga. Mzee mmoja mwenye miwani akatokea nyuma ya mizani.

"Mama unatafuta nini?" akaniuliza, kwa Kiswahili kilichokuwa kama kimetoka sandukuni.

"Unga wa wimbi, mzee wangu."

"Huu hapa. Sisi tunaita ragi. Ule ni juwar, mtama. Ule mwingine bajra, uwele. Wewe wa wapi?"

Nilipomwambia Arua alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baba yake alikuwa akipeleka nguo huko kwa lori. Alinipimia kilo mbili na akaongeza konzi. Majina hayo matatu nayaandika hapa makusudi, kwa kuwa jamaa wa askari walio katika miji mingi ya ng'ambo watayakuta maduka ya Wahindi hata pale ambapo hawatakuta duka la Mwafrika. Unga wa muhogo nilipata kwa Waafrika ya Magharibi. Muhogo mbichi uliopo katika maduka ya huko, uliopakwa nta ili usikauke, kwa kawaida ni ule mtamu, na humenywa na kuchemshwa mpaka uive barabara. Lakini ukiletewa muhogo mchungu kutoka mahali popote, usijaribu kuuharakisha kwa tanuri. Kuloweka na kuchachusha kwa siku kadhaa, kisha kuanika, ndiko kunakoipunguza sumu ya sayanidi iliyomo, na hakuna swichi inayofanya kazi hiyo kwa saa moja.

Unga umepatikana, maji yamechemka. Nilichemsha maji kwa birika la umeme, si kwa jiko, kwa sababu birika huchemsha upesi na joto lake karibu lote huingia majini badala ya kupotea hewani. Ukifika wakati wa kusonga ndipo matatizo yanapoanza. Enyasa huhitaji nguvu za mabega. Juu ya mafiga, jiwe moja husukuma, mawili hushikilia, na sufuria haina pa kwenda. Juu ya kioo laini sufuria huzunguka pamoja na mwiko kama watu wanaocheza ngoma. Nimemwona mwanamke wa Gulu, jirani yetu, akisonga huku binti yake ameshika mkono wa sufuria kwa mikono miwili na macho ameyafumba kwa hofu ya kuungua.

Njia iliyotufaa ni ya kizamani. Unga ukishaingia majini na kushikana, sufuria hushushwa sakafuni juu ya taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, mpishi akaketi juu ya kigoda, akaibana sufuria kwa nyayo zilizovikwa kitambaa kinene, akasonga kwa nafsi yake yote. Ikishakuwa laini hurudishwa jikoni kwa moto mdogo, ikafunikwa, ikaiva ndani. Sufuria iwe nzito, na iwe na mikono miwili, si mmoja mrefu kama wa kikaango. Mume wangu aliyeingia siku ya kwanza na kunikuta nimekaa sakafuni alisema kwamba sasa amefika nyumbani.

Katika mji huo huo aliishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke aliyepita umri wa miaka 70. Vita vilipofika West Nile mwaka 1980 alivuka mpaka kwenda Zaire pamoja na maelfu ya watu wetu, akakaa huko upande wa Aru, na baada ya miaka akajikuta Uingereza kwa njia ambayo hapendi kuisimulia. Aliishi peke yake katika ghorofa ya tatu. Tulikuwa tukimpigia simu kila Jumamosi, naye kila Jumamosi akijibu kwamba yu mzima, amekula, ameshiba.

Mwezi Februari mwaka 2018, theluji ikiwa imelala barabarani, tulikwenda kumwamkia. Alitufungulia mlango, na nilipomshika mkono niliona pete yake ya ndoa imefungwa uzi ili isidondoke. Shavu lilikuwa limeingia ndani. Katika kabati lake mlikuwa na mkate, majani ya chai na mtungi wa jamu. Hapakuwa na kitu kingine kilichofunguliwa. Unga wa wimbi ulikuwapo, maharagwe yalikuwapo, vyote vimefungwa kama vilivyotoka dukani.

"Shangazi, hupiki?"

"Jiko limekufa, mwanangu. Taa inawaka, lakini sufuria inaikataa."

Mwenye nyumba alikuwa amewabadilishia wapangaji wote majiko majuma matano kabla, akaweka mapya ya kisasa, tena kwa nia njema. Mume wangu alibonyeza, taa ikawaka, jiko likalia mara tatu, likazima. Lilikuwa zima. Lilikuwa la aina ile isiyokuwa na waya unaowaka, bali chini ya kioo mna koili inayotoa nguvu za sumaku, na nguvu hizo huzaa joto ndani ya chuma cha sufuria yenyewe. Kioo chenyewe hakitoi joto. Karatasi haiungui. Lakini sufuria isiyovutwa na sumaku jiko haliitambui, likaihesabu kana kwamba haipo. Na shangazi, kama mama yeyote wa kwetu, alikuwa na sufuria za alumini tupu, alizoletewa kutoka soko la Arua na wageni wa miaka mingi, zimepangwa kubwa kwa ndogo, zimesuguliwa mpaka zikawa kama vioo. Hata moja haikufaa.

Nilichukua sumaku iliyokuwa imeshika picha ya mjukuu wake katika mlango wa friji, nikaigusisha kila chombo. Ilianguka kwenye alumini, ikaanguka kwenye shaba. Ilishika kikaango kimoja cha chuma tu. Tukashuka mjini, na katika duka la vitu vilivyokwishatumika tukapata sufuria ya chuma iliyopakwa rangi ya buluu, nzito, yenye mikono miwili na chini bapa, kwa pauni 4. Sumaku ilishika kwa kishindo. Muuza duka alituangalia kama wapelelezi.

Jioni ile nilipika enyasa katika nyumba ya shangazi, kwa osubi, yaani majani ya kunde, niliyokuwa nimeyakausha, na simsim iliyosagwa. Aliketi mlangoni akisimamia kazi, akanikosoa mara mbili juu ya unga. Alikula kwanza kidogo, kama anayeonja dawa, kisha akavuta sahani karibu.

"Kwa nini hukutuambia, shangazi?"

"Nimepika kwa mafiga niliyookota njiani Zaire," akasema, "mvua ikininyeshea na mtoto mgongoni. Ningewaambiaje watu kwamba nimeshindwa na meza ya kioo?"

Mume wangu, mtu aliyezoea kuuliza maswali na kupata majibu, hakuwa na la kusema. Nami naandika maneno hayo kwa ajili ya vijana wenye wazazi wao ng'ambo, na hata wenye wazazi katika nyumba mpya za Kampala. Mzee akisema kwa simu kwamba amekula, muulize amekula nini, na kimepikwa katika chombo gani. Pasaka ilipofika ule uzi katika pete ulikuwa umetolewa.

Maharagwe yalitupa somo la namna nyingine. Shangazi husema kwamba maharagwe ya Uingereza huiva upesi kuliko ya Pajulu, na watu humcheka wakidhani ni kiburi cha waliokaa ng'ambo. Anasema kweli. Arua iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya meta 1,200, na mahali pa juu hewa hugandamiza kidogo, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi tu. Leicester iko chini, maji hufika karibu 100 kabla ya kuchemka. Nyuzi nne si nyingi kwa mtu anayeoga, lakini kwa punje ngumu ya maharagwe ni tofauti kubwa. Sufuria ya presha, yenye kifuniko kinachofungwa kwa mpira, huyapeleka maji hadi nyuzi 120 hivi kwa kuuzuia mvuke usitoke, na maharagwe yaliyolala majini huiva kwa nusu saa au pungufu. Kabla ya kuifunga, chungulia tundu la kutolea mvuke kama liko wazi. Wala usiifungue kwa nguvu mpaka mvuke wote uishe.

Ipo pia sufuria ya umeme ya kupika polepole, ambayo hupendwa sana na watu wa kazi za zamu, kwani huwashwa alfajiri na chakula hukutwa jioni. Hapa pana hatari ambayo askari na jamaa zao yafaa waijue. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko wa nguvu tu. Sufuria ile mara nyingine haifiki joto la kuchemka, na sumu yaweza hata kuzidi badala ya kupungua, na punje chache tu zatosha kumtapisha mtu mzima na kumharisha. Loweka kwa muda usiopungua saa 5, mwaga maji yale, chemsha katika jiko la kawaida kwa nguvu kwa dakika 10 kamili, au hata nusu saa kama huna haraka, ndipo uyahamishe. Mafiga hayakuwa na hatari hii, kwa sababu mama huchemsha kwanza, makaa huja baadaye.

Sisi tulitumia zaidi blanketi. Umeme wa nyumba yetu ulikuwa wa mita ya kulipia kabla, na posho ya mwanafunzi ni posho ya mwanafunzi. Sahani ya jiko yenye nguvu za kilowati 2 ikiwaka mfululizo kwa saa moja hula yuniti 2. Kwa hiyo maharagwe yakishachemka nusu saa, niliifunika sufuria, nikaizungushia magazeti na blanketi mbili, nikaitia ndani ya sanduku la mbao lililojazwa nguo kuukuu. Saa 5 baadaye yalikuwa laini, nami nikayachemsha tena kabla ya kula. Sanduku lile ndilo lililokuwa kaa letu la usiku.

Kwa mboga, kazi ya maji ya majivu niliipa magadi ya kuokea mikate, nusu ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Hulainisha majani na kuhifadhi ukijani wake kama kawaida, na ukizidisha huacha ladha ya sabuni na kuharibu vitamini. Unga wa uji wa kuchachusha, ambao nyumbani hukaa kando ya mafiga, ulikataa kuchacha katika baridi ya chumba. Nikautia ndani ya tanuri lililozimwa, taa yake tu ikiwaka, na asubuhi ulikuwa umeumuka. Simsim ilileta ukaidi zaidi. Jiwe husaga kwa kukandamiza, na mafuta hutoka yenyewe, bali blenda hukata tu kwa visu. Basi simsim ikaangwe kwanza, iingizwe kidogo kidogo ikiwa bado ina joto, na mashine ipumzishwe kila nusu dakika isije ikaungua mota. Juu ya maikrowevu sina mengi. Hupasha chakula kilichopikwa, hupasua yai zima, haitaki chombo cha bati. Kusonga haiwezi.

Tanuri nalipenda. Kiazi kitamu kinachokosa majivu ya moto huridhika na tanuri la nyuzi 200 kwa saa nzima, bila kumenywa. Angalia tu alama za kitasa, maana jiko la gesi la Kiingereza huandikwa namba, na namba 6 ndiyo nyuzi 200, na vitabu vya Marekani huhesabu kwa Farenhaiti, ambako 350 si moto wa kutisha bali ni karibu nyuzi 180 za kwetu.

Kazi ya moshi ndiyo iliyokosa chombo. Kile king'ora cheupe kililia kwa samaki, kikalia kwa vitunguu, kikalia hata kwa mkate. Watu wengine hukivika mfuko wa plastiki, na mume wangu huwaambia wageni wake kwamba hilo ni kama kumfunga mlinzi kitambaa machoni. Fungua dirisha, vaa sweta, pika. Na kwa hali yoyote usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama ni mishikaki ya sikukuu na nje kuna barafu. Makaa hutoa hewa ya monoksaidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Nyumba zetu za nyasi hupumua kupitia paa. Nyumba za ng'ambo zimezibwa ili joto lisitoke. Onyo hili lawahusu pia walio katika kota zetu wakati wa mvua, wanaoingiza sigiri chumbani kwa ajili ya kupasha watoto joto.

Tuliporudi mwishoni mwa mwaka 2018 niliulizwa na wake wa maofisa wenzake ni vyombo gani vya kuleta. Jibu hutegemea atokako mtu. Umeme wa Uganda ni volti 240, na plagi yetu yenye meno matatu bapa ni ile ile ya Uingereza, hata fyuzi yake. Kitu kilichonunuliwa Leicester kitaingia katika soketi ya Arua bila maneno. Chombo cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, na kikichomekwa kwetu bila transfoma hufa kwa moshi siku ya kwanza. Na chombo cha kupikia kisichomekwe katika waya mwembamba wa kurefushia uliokwisha kubeba redio, pasi na chaja za simu za watu sita. Ukigusa plagi ukaikuta ya moto, hiyo ndiyo barua ya onyo.

Zamani maswali hayo yalikuwa ya waliosafiri tu. Pajulu yenyewe, ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya Jiji la Arua, iliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na kuanzia mwaka 2012 kwa bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5, na saa za giza zilikuwa sehemu ya ratiba ya nyumba. Mwaka 2024 gridi ya taifa ilifika kwa njia ya kilovolti 132 inayopitia Gulu na Nebbi hadi Arua. Sasa sufuria za presha za umeme na majiko ya kioo yanauzwa mjini, na yale yaliyonipata Leicester yanawapata majirani wa mama yangu bila wao kupanda ndege.

Ndugu yangu alimnunulia mama sufuria moja ya presha ya umeme mwaka jana. Mama aliizunguka siku mbili akiiangalia, akaiweka maharagwe siku ya tatu, na tangu hapo maharagwe ya nyumba ile hayajaona kuni. Enyasa husonga nje, kwa mafiga yale yale. Mwezi uliopita ndugu yangu alinipigia simu akitaka kumnunulia na lile jiko la sumaku, kwa kuwa amelikuta kwa bei nafuu. Nilimwambia kabla hajatoa fedha aende kwanza nyumbani na sumaku mfukoni, apige hodi, amwamkie mama, na aombe kuzikagua sufuria zake.